Simama Hapo Ulipo

Barabara ile ilitoka Korogwe ikafuata miguu ya milima, mkonge upande mmoja, mashamba ya wakulima upande wa pili, mpaka ikakutana na kijito kinachoteremka kutoka Bungu. Hapakuwa na daraja. Palikuwa na drifti tu, yaani sakafu ya zege iliyolazwa juu ya mchanga wa kijito, ambayo maji yalipita na magari yakapita, kila kimoja kwa zamu yake. Kiangazi maji yalilowesha kwato za mbuzi, basi. Masika yalikuwa jambo jingine. Ubaya wake ni kwamba mvua hukuiona. Mvua ilinyesha juu Bungu, nyinyi huku chini mko na jua na vumbi, mnafunika macho kwa viganja. Kisha maji yanakuja.

Kabla sijapelekwa mimi kule, maji yalikwisha kuchukua trekta la shamba la mkonge, na baada ya trekta yakamchukua mwanamume aliyekuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli. Baiskeli iliokolewa. Mwenyewe alionekana siku ya pili, mbali sana, kwenye matete.

Nilikuwa kijana wa idara ya barabara, mtu wa Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi na muhogo, na nilikuwa nimetoka kusomea upimaji. Watu walinipa jina la Bwana Barabara, kama vile wanavyomwita mtu wa kilimo bwana shamba, nami nililipenda kuliko nilivyoonyesha. Mkuu wangu, mhandisi, aliniita siku moja akanieleza kwamba daraja lile halimo katika mipango ya miaka ya karibuni, lakini watu hawawezi kuachwa wakafa wakisubiri mipango. Akaniambia, "Tafuta namna ya kuifanya barabara izungumze na magari."

Nadhani alisema kwa mzaha kidogo. Mimi niliyachukua maneno yale kama yalivyo, nikaenda nayo.

Nilikaa wiki nyingi nikipanda na kushuka kile kijito. Nilichukua magunzi ya mahindi nikayapaka rangi nyekundu, nikayatupa majini kule juu, kisha nikayafuata chini kwa miguu na saa mkononi, ili nijue maji ya Bungu yanatumia muda gani kufika drifti. Siku ya maji ya kawaida yalichelewa. Siku ya maji mengi hayakumaliza hata saa moja. Basi saa moja isiyotimia ndiyo niliyokuwa nayo. Ndani yake ilibidi mtu wa juu aone, amwambie mtu wa chini, na mtu wa chini aliambie gari.

Mtu wa juu nilimpata bila taabu. Alikuwa mzee wa Kishambaa mwenye shamba la migomba na maharage kando ya kijito, aliyeyajua maji yale kwa rangi na kwa harufu. Nilisimamisha nguzo ndani ya maji mbele ya shamba lake, nikaipaka nyeupe chini, njano katikati, nyekundu juu. Maji yakifika njano, azungushe simu. Simu zenyewe zilikuwa mbili za zamani, za kuzungusha kwa mkono, tulizopewa na shamba la mkonge pamoja na mizunguko ya waya iliyokuwa ikipata kutu stoo. Tulitandaza waya kutoka mti hadi mti, nguzo hadi nguzo, mpaka chini.

Mtu wa chini alikuwa mwanamke. Mhandisi alisita, mimi nikashikilia. Alikuwa mjane, amezaliwa kambini Mazinde, baba yake alikuja kutoka Ungoni kukata mkonge akafia huku huku. Alikaa karibu na drifti na alijua kusoma. Lakini kilichonifanya nimtake ni kwamba yeye ndiye aliyeingia majini siku ile ya mtu wa maziwa. Alishika baiskeli, akadhani ameshika mtu. Mkono wa mtu ulikuwa umekwisha kuachia.

Tulimjengea banda la bati juu kidogo ya drifti, na mbele ya banda nikasimamisha bomba la chuma lenye mfuniko wa pipa juu yake. Upande mmoja wa mfuniko ulikuwa mweupe, upande mwingine mwekundu, na chini palikuwa na mpini wa kuugeuza. Tuliuita sahani. Gari likifika kwenye kona kabla ya drifti, dereva haendelei moja kwa moja. Anapiga honi moja, maana yake naomba njia. Mlinzi akigeuza nyeupe, dereva anapiga mbili, nimeona, anaingia. Akitoka ng'ambo anapiga moja ndefu, nimevuka, ili mlinzi ajue njia iko wazi kwa anayetoka upande wa pili. Hata leo sioni aibu kusema kwamba ulikuwa mpango mzuri. Barabara iliuliza, gari likajibu.

Maneno ya karatasi iliyobandikwa kwenye vituo vya mafuta niliyaandika mwenyewe. Mhandisi aliniandikia kwa kalamu yake kwamba nyekundu itoshe kusema "simama". Nikaona haitoshi. Nilikuwa nimewaona madereva wanavyofanya: ukimwambia simama, anasogea, anasogea, mpaka magurudumu ya mbele yako majini ndipo anasimama. Nikaongeza maneno mawili. *Sahani nyekundu: simama hapo ulipo.*

Kwa majaribio tulimtumia dereva mmoja wa idara ambaye kwangu alikuwa zaidi ya rafiki. Tulitoka kijiji kimoja Handeni, tulitiwa jandoni pamoja, na tukiwa peke yetu tulizungumza Kizigua, hata kazini. Alivuka drifti ile siku nzima, kwenda na kurudi, akipiga honi na kucheka, na mimi nikisimama karibu na sahani nikiandika. Nilipotaka kuona kama ananitii kweli, nilimgeuzia nyekundu ghafla akiwa ametoka tu kwenye kona. Akasimama pale pale, palipokuwa na tope, mpaka lori likaanza kuzama, na hakusogea mpaka nilipogeuza nyeupe. Aliposhuka alinitania kwamba ameambiwa hapo ulipo, naye hapo alikuwapo. Nilifurahi. Nilimtoa yeye kuwa mfano tulipowakusanya madereva wengine karakana ya Korogwe kuwafundisha.

Siku ya kumwonyesha yule mama kazi yake, alisikiliza mpaka mwisho, akageuza sahani mara kadhaa kuona kama mpini haumchoshi, akajaribu simu. Kisha akauliza swali moja.

"Na ikikaa kimya, nitajuaje kama ni kwa heri au ni kwa shari?"

"Kimya ni heri, mama," nikamwambia.

Masika mawili yalipita vizuri. Simu ililia, sahani ikageuka, magari yakasubiri, maji yakapita. Watu wa basi walishuka wakakaa ukingoni wakitazama migomba mizima ikipita mbele yao, wakamsifu mama, na mama akawaambia wamsifu mzee wa juu.

Masika ya tatu yalikuta watu wakihamia vijijini kwa amri ya serikali. Kila lori lililokuwa na magurudumu lilichukuliwa kwa kazi hiyo. Yalipita pale yamebeba vitanda, vinu, kuku ndani ya matenga, mapaa ya nyumba yaliyofunguliwa na kufungwa upya kama mizigo ya kuni, na juu yake wenyewe wamekaa, wengine wakiimba, wengine hawasemi neno. Kijiji kipya kilikuwa ng'ambo ya drifti, na watu walikuwa wamepewa siku chache za kusimamisha nyumba.

Siku hiyo mimi na kikundi changu tulikuwa juu ya mwinuko tunatengeneza kalvati la kupitisha maji chini ya barabara, mahali ambapo drifti huioni lakini unaisikia. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Jua kali. Nilisikia lori likifika kwenye kona, na kwa mlio wake nikajua ni lori letu na ni yule mwenzangu wa Handeni anayeliendesha. Ikaja honi moja. Baada ya kitambo zikaja mbili. Nilikuwa nimeshika kamba ya kupimia, mfanyakazi mmoja ameshika upande wa pili, nami nikangoja ile ndefu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyongoja mwenzake amalize salamu.

Haikuja. Nikadhani labda amesahau. Kisha nikasikia kitu kama treni, na reli haipiti upande ule.

Nilipofika chini, drifti haikuwapo. Palikuwa na maji mekundu yanayokwenda kwa kasi, na magogo ndani yake, na mama yule amezama mpaka kifuani ukingoni, mkono mmoja ameshika mzizi, mwingine ameshika nguo ya mwanamke aliyekuwa anajaribu kutoka. Tulimvuta yule mwanamke. Mumewe alikuwa ameshika mti chini kidogo, naye tulimtoa. Lori tuliliona mbali, limelala ubavu, sehemu ya mbele imo ndani ya maji. Kwenye lori lile walikuwa wanne. Wa tatu alikuwa mama mzazi wa yule mwanamke, bibi aliyekuwa anahamishwa na kitanda chake. Wa nne alikuwa dereva. Hao wawili tuliwapata jioni maji yaliposhuka, na nilimjua mwenzangu kwa viatu.

Tukiwa bado tunatafuta, mzee wa Bungu alitokea njiani. Alikuwa ameshuka mlima wote kwa miguu, akikimbia alipoweza, mtu wa umri ule. Kanzu ilikuwa imechanika, miguu inatoka damu. Alinitazama, akatazama maji, akaelewa.

"Nilizungusha mpaka mkono ukafa ganzi," alisema. "Hamkunisikia?"

Tulizika kwanza. Bibi alizikwa katika kijiji kipya, kaburi la kwanza la mahali pale. Mwenzangu tulimrudisha Handeni, na nilisafiri naye nyuma ya gari, mkono wangu juu ya jeneza ili lisitikisike barabarani. Barabara yenyewe nilikuwa nimeisimamia mimi, na njia nzima niliyahesabu mashimo niliyoyaacha.

Siku ya tatu nilirudi drifti. Mama alikuwa amekaa nje ya banda na uso wake ameuelekeza mlimani. Alinieleza jinsi ilivyokuwa, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma karatasi. Simu ilikuwa kimya. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Lori likaomba njia, akatoa nyeupe, likaingia. Katikati ya drifti mlango wa nyumba ukateleza kutoka kwenye mzigo ukaanguka majini, mlango mzima wa mninga, na yule bibi akalalamika kwa sauti, kwa kuwa ulitengenezwa na marehemu mumewe. Dereva akashuka, akauokota, akaurusha juu. Haikuchukua muda. Alirudi ndani, akatia gea, lori likaanza kwenda. Hapo mama akasikia mngurumo.

"Nikafanya ulivyonifundisha," aliniambia. "Nilimgeuzia nyekundu."

Akaendelea bila kuondoa macho mlimani.

"Akaiona. Alinyanyua macho akaiona, akakanyaga breki. Nikampigia kelele aje, aje, huku nimeacha sahani ile ile nyekundu juu ya kichwa changu. Mimi na mdomo wangu tunasema njoo, sahani inasema simama. Akaniangalia mimi, akaiangalia sahani. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamebakiza hatua mbili kufika nchi kavu."

Nilipowauliza mke na mume waliookoka, walinieleza hivyo hivyo. Mume alisema aligonga paa la lori kwa ngumi akimhimiza aende.

Kumbe nilikuwa nimeipa barabara maneno mawili tu, pita na simama. Neno la kusema kimbia sikulitunga. Halikunijia.

Mama aliniuliza kama jambo la sahani alipeleke kwa wale watakaokuja kuchunguza. Nilimjibu kwamba ajibu atakachoulizwa. Alinitazama kwa muda, na nadhani alinielewa vizuri kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Walipokuja walimuuliza kama simu ililia. Akasema haikulia. Hawakumuuliza zaidi. Mhandisi akanitaka niandike taarifa kwa mkono wangu, nikaiandika: waya wa simu ulikuwa umekatika, sababu haijulikani, dereva alisimamisha gari katikati ya drifti kuokota mzigo, kinyume cha maagizo. Neno la uongo halikuwamo. Niliisoma mara nyingi nikitafuta neno la uongo, sikuliona, nikatia sahihi.

Waya tuliufuatilia mimi na mzee. Katikati ya mlima tulikuta kipande kirefu hakipo. Nilikiona baadaye katika kijiji kipya, kwenye nyumba ya mtu mwingine na mkewe waliokuwa wanamalizia paa. Waya wangu ulikuwa umefunga fito na mapau, umezungushwa vizuri na kukazwa kwa koleo, kazi ya fundi. Mwenye nyumba alinikaribisha ndani. Nilipoutaja waya hakujificha; alisema mti ulianguka ukaukata, akaukuta chini kwenye majani, na kamba za kufungia zilikuwa zimekwisha kijiji kizima, na siku walizopewa zilikuwa zimebaki mbili. Akaniuliza kama ulikuwa na kazi. Mkewe alikuwa ananimiminia uji. Nikamwambia haukuwa na kazi.

Baada ya hapo nilibadilisha mpango wote. Mzee wa juu sasa alipiga simu kila nusu saa, maji yawepo yasiwepo, na akikaa kimya sahani inakuwa nyekundu. Nikafunga kipande cha reli kwenye mti karibu na banda, na nikawafundisha madereva upya, mmoja mmoja, kwamba ukisikia reli inagongwa usitazame sahani, usingoje mtu, usiokote chochote, nenda mbele. Maneno "hapo ulipo" niliyafuta kwenye kila karatasi niliyoikuta, mpaka zile za mbali, nikizibandua kwa kisu. Mpango ule ulichukuliwa kwenye drifti nyingine, upande wa Handeni pia, na nijuavyo mimi hakuna gari jingine lililochukuliwa. Nilipewa barua ya pongezi. Niliiweka kabatini uso ukiwa chini.

Mama alifanya kazi pale mpaka daraja lilipojengwa. Watu walisema amekuwa mgumu, hataki mazungumzo. Mimi nilijua kwamba hakuwa anakaa tena na kuipa sahani mgongo. Alikigeuza kiti chake kiwe kinaitazama, mvua na jua, na nilipopita kukagua tulisalimiana kwa heshima zote, nikaandika yangu, nikaondoka. Hatukulitaja jambo lile. Siku moja tu, nilipokuwa napanda gari, alisema kama vile tulikuwa katikati ya maongezi, "Aliniangalia mimi kwanza." Kisha akaingia ndani ya banda.

Nami nilikuwa na yangu. Nilihamishiwa Mkata, mahali pa mabasi na malori, ambapo honi hazinyamazi. Kila gari lililopiga moja, moyo ulisimama kusubiri mbili. Lililopiga mbili lilikuwa baya zaidi. Niliacha watu katikati ya sentensi. Mke wangu alijifunza kuningoja. Aliweka kijiko chini akangoja mpaka uso wangu urudi, halafu tukaendelea kula. Hakuniuliza kwa miaka mingi, na alipouliza nilimwambia ni masikio. Kuna mchana mmoja wa jua kali nilisikia honi ndefu ikitoka upande wa mashamba, kule ambako hakuna njia ya gari. Nilitoka nje nikasimama. Muuza muhogo wa jirani aliniuliza natafuta nini. Nilimwuliza kama amesikia lori. Alisema hapana, akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mtu ambaye watamzungumzia akishaondoka.

Kilichonitoa katika hali hiyo hakikuwa honi, ni maneno ya mtoto wa dada yangu.

Nilikuwa nimekwenda kijijini kwetu kwenye hitma ya marehemu shangazi yangu. Wanawake walikuwa wanapika uani, na mmoja alikuwa anang'ang'ania sufuria lake lisichukuliwe na watu wa jirani. Binti wa dada yangu, ambaye alizaliwa baada ya masika yale, akamwambia huku anacheka, "Ee shangazi, usife kwa mlango." Wote wakacheka. Niliuliza maneno hayo maana yake nini. Akanieleza bila wasiwasi kwamba ni msemo wa pale kijijini. Kulikuwa na dereva zamani, mtu wa pale pale, aliyezamisha watu na yeye mwenyewe kwa tamaa ya kuokota mlango. Mtu mwenye choyo huambiwa asife kwa mlango.

Taarifa yangu ilikuwa imefika nyumbani. Sijui ilipitia kwa nani. Ilikuwa imesafiri miaka yote hiyo, ikafupishwa na kulainishwa mpaka ikawa maneno matatu ya kuchezea jikoni, na mama yake mwenzangu alikuwa bado hai, anakaa nyumba ya mwisho ya mstari, akiyasikia.

Sikungoja chakula. Nilikwenda kwake kwa miguu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anachambua kunde, amepungua sana, lakini macho yake yalikuwa makali vile vile. Alikuwa akitulisha mimi na mwanawe katika sahani moja tulipokuwa wadogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

Nilikaa chini, si kwenye kigoda alichonionyesha. Nikamweleza. Nilianza na mlango, kwa sababu ndiyo habari aliyokuwa anaijua, nikamwambia ni kweli aliuokota, kwa kumhurumia bibi aliyekuwa analia, na kwamba alimaliza, akarudi ndani, akaondosha lori. Nikamweleza habari ya sahani. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Hiyo sahani kazi ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na maneno ya kumwambia asimame?"

"Yangu."

Akatupa kunde mbovu uani, kuku wakakimbilia. "Kwa hiyo aliambiwa simama, akasimama."

"Ndiyo."

"Na miaka yote hii ulijua."

"Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi pia. Hakutoa hata kimojawapo. Aliita ndani kwa sauti ya kawaida, akatoka mke wa mwanawe mdogo, akamtuma amwite mumewe shambani, na jirani wa kulia, na wa kushoto, na wale wanawake walioko kwenye hitma, wakimaliza. Kisha akaniambia nisiondoke.

Wakaja. Mdogo wake marehemu alikuja na jembe begani akalisimamisha ukutani. Mama yake akaniambia niseme, nikasema yote toka mwanzo. Nilipomaliza, yule kijana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na hakurudi kwa muda. Wakaja wengine. Mama akaniambia niseme tena. Kila nilipojaribu kufupisha, alinirudisha: "Waambie kwanza alikwisha kurudi ndani ya gari." Nikawaambia. Binti wa dada yangu alikuwa mlangoni na mkono mdomoni. Sikujua kusema jambo moja mara nyingi kunaweza kumchosha mtu kiasi kile.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba. Sidhani lilikuwa jambo alilolifikiria siku ile. Alikuwa anahesabu nyumba, nani amekuja na nani bado.

Alasiri iliposwaliwa akaja mwalimu wa madrasa, mzee kuliko wote pale, anaongozwa kwa mkono. Yeye ndiye aliyekuwa ametufundisha alifu sisi wawili. Akasaidiwa kukaa mkekani, akauliza kuna nini, mbona watu wamejaa.

"Mwambie na huyu," mama akasema. "Hasikii vizuri. Inabidi useme kwa sauti."

Nikanyanyuka, nikasogea karibu na sikio lake, nikaanza kusema kwa sauti, na watu wa nyumba za mbali wakatoka barazani kusikiliza.